Digrii Mbili za Shemsa

Nilisikia kabla sijafungua macho. Hh. Kisha kimya. Hh. Kisha kimya tena. Ilikuwa sauti fupi na nzito, kama ya mchukuzi anayepanda ngazi na gunia mgongoni, kila kidato pumzi moja. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, usingizi umenikaba shingoni, nikadhani ni bomba la maji moto ukutani. Nikajigeuza kwenye kochi. Hh. Hapo nikakumbuka kuwa nyumbani sikuwa peke yangu.

Shemsa ni mtoto wa dada yangu Asmahan. Asubuhi ile alikuwa na siku sabini na mbili duniani.

Mama yake alikuwa ametoka nusu saa tu iliyopita. Mwalimu wake wa udereva alikuja kumchukua hapo chini, Perry Barr, wakafanye mazoezi ya mwisho kabla ya mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa Sutton Coldfield, saa tano na dakika kumi na moja, na aliungojea miezi mitano. Alisimama mlangoni kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Simu naizima tangu sasa, Ishaka. Ikilia tu nitagonga nguzo."

"Izime."

"Na ukiona chochote, piga kwa daktari. Usisubiri."

"Dada, nenda. Mimi si mtoto."

Mumewe, Abdulnasir, alikuwa kazini kwenye ghala ambalo simu za wafanyakazi hufungiwa makabatini mpaka jioni. Kwa hiyo nilibaki mimi, na kitoto, na ile sauti.

Nilimwinua kikapuni. Joto lake lilinifikia hata kabla ngozi yake haijanigusa, kama unapofungua mfuniko wa sufuria. Macho yalikuwa nusu wazi. Nikachukua kipimajoto kipya alichonunua Abdulnasir, kile cha betri, nikakitia kwapani mwake, nikangoja. Kikalia. Thelathini na tisa nukta moja.

Najua joto la mtu ni thelathini na saba. Hilo kila mtu analijua. Nilijua pia kuwa hii ni homa. Nisichokijua ni ukubwa wake, na badala ya kuuliza mahali panapojua, niliuliza mahali tunapouliza siku zote.

Katika ukoo wetu hapigiwi daktari kabla ya Bibi. Bibi Maisara anakaa Moseley, upande wa pili wa mji, kwa ami yangu. Ujana wake aliutumia hospitalini Unguja, miaka kumi na moja ya unesi, na hata leo akipita mtu ukumbini anapiga chafya, Bibi huuliza chafya ya ngapi hiyo. Watu wa Leicester humpigia. Watu wa London humpigia. Na sijawahi kusikia amekosea.

Tena, kusema kweli, kulikuwa na jambo jingine. Wiki iliyotangulia nilipiga simu kliniki kwa ajili ya kikohozi cha huyu huyu Shemsa, na mama wa mapokezi akanishushia pumzi ndefu sikioni, akasema familia yetu inapiga simu kwa kila kitu. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikaapa sitawapigia tena. Mimi nikiapa, naapa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mbona sauti yako ina mchanga?"

"Shemsa ana homa."

"Imepanda ngapi?"

Ndivyo anavyouliza siku zote. Wodini kwake karatasi ya homa ilikuwa na mstari mwekundu wa joto la kawaida, na nesi mkuu alikuwa akipita kitanda kwa kitanda akiuliza hilo moja tu: imepanda ngapi juu ya mstari? Hakuwa na haja ya mengine. Nami nilitaka nimjibu kama nesi anavyomjibu nesi. Nikatoa thelathini na saba kichwani, upesi.

"Mbili, Bibi. Mbili na kitu kidogo."

"Digrii mbili?"

"Mbili."

Nikasikia akishusha pumzi, ile ya mtu aliyekuwa anajiandaa kusimama kisha akaona hakuna haja. "Digrii mbili si homa ya kulilia. Mvue sweta. Blanketi moja jepesi. Mpe maziwa aliyoyaacha mama yake, kidogo kidogo. Baada ya saa moja mpime tena, uniambie."

"Nisimpigie daktari?"

"Umpigie umwambie nini? Digrii mbili? Watakucheka."

Neno hilo la kuchekwa lilinikaa vizuri. Nikakata simu nikiwa na amani, naam, amani kabisa. Nikamvua sweta. Nikapunguza kidogo joto la bomba la maji moto ukutani. Nikampa chupa. Alinyonya mara mbili, akaiachia, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo yakaingia shingoni. Nikamfuta. Nikajaribu tena. Akageuza uso.

Saa nne na nusu nikampima. Thelathini na tisa nukta mbili. Nikapiga Moseley.

"Ile ile, Bibi. Mbili na kitu."

"Haipandi. Vizuri. Amekula?"

Niliitazama chupa. Ilikuwa imejaa karibu vile vile. "Amekula," nikasema. Kwa nini? Kwa sababu alinikabidhi kazi, nami sikutaka kusikika kama mtu aliyeshindwa na chupa.

"Mwache alale basi. Na wewe ulale, umekesha."

Sikulala. Nilikaa sakafuni mgongo ukutani, kikapu mbele yangu. Nje mvua nyembamba ilikuwa inapiga kioo cha dirisha. Shemsa hakulia, na mwanzoni nililifurahia hilo. Baadaye likaanza kunisumbua. Mtoto huyu hulia akivuliwa soksi. Hulia akiwekwa, hulia akichukuliwa. Sasa nilimvua soksi na hakulia. Miguu yake ilikuwa baridi. Mwili moto, miguu baridi, na kwenye mapaja ngozi imefanya michoro ya zambarau kama ramani. Na ile sauti haikuwa imekoma hata dakika moja. Hh. Hh. Ilikuwa imeongeza mwendo.

Saa tano na dakika ishirini kipimajoto kikasoma thelathini na tisa nukta sita.

"Bibi, sasa ni mbili na nusu."

"Mbili na nu... Nini hicho?"

"Nini?"

"Hicho kinachoguna. Ni wewe?"

"Ni yeye."

"Iweke simu karibu naye. Karibu, mdomoni."

Niliiweka. Mvua kwenye kioo, sauti ya Shemsa, basi. Hh. Hh. Hh. Nilipoirudisha sikioni Bibi hakuwa tena yule Bibi wa chafya. Alikuwa mtu nisiyemjua, sauti imenyooka kama rula.

"Ishaka. Mtoto wa digrii mbili na nusu haguni hivyo. Nisomee hicho kioo."

"Nimekwambia, mbili na..."

"Usinihesabie! Nisomee kilichoandikwa, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu asiyejua kuhesabu."

"Thelathini na tisa. Nukta. Sita."

Nilimsikia ami akiuliza kitu kwa mbali na Bibi akimwambia nyamaza. Kisha nikamsikia akinong'ona, si kwangu: tisa mara hiyo, gawa kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Alinong'ona mara mbili, kama anayetarajia kuwa mara ya pili jibu litakuwa jingine.

"Mia na tatu na robo," akasema.

"Mia ya nini, Bibi?"

"Kipimo changu ni cha Farenhaiti. Kile cha kioo, mnachoazima wote. Joto la mtu pale ni tisini na nane na nusu hivi. Digrii mbili juu yake ni mia na nusu, na huyo kwetu alikuwa mtoto wa kuangaliwa, si wa kukimbizwa. Yako ni Selsiasi. Digrii yako moja ni karibu mbili zangu. Hukuniambia."

"Hukuniuliza!"

"Sikukuuliza," akasema. "Kata simu. Piga ambulansi. Sasa, Ishaka!"

Sauti iliyopokea simu ya dharura ilikuwa ya mwanamke mtulivu. Umri? Anapumua? Anaguna? Rangi ya ngozi? Amekunywa nini leo? Hapo nilisema kweli: mikupuo miwili. Akaniambia ambulansi imeandikishwa, lakini asubuhi ile zote zilikuwa barabarani na ya karibu ilikuwa mbali. Kama naweza kupata gari na kiti cha mtoto, nisingoje, nimlete hospitali ya watoto moja kwa moja.

Kiti cha mtoto kilikuwa ukumbini. Gari sina.

Mlango unaotazamana na wetu ni wa Mzee Tarlochan, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, aliyeendesha mabasi ya mji huu miaka thelathini. Mwezi uliopita alinigongea nipunguze muziki. Nilimjibu mbele ya watu kuwa basi lake limeshafika mwisho wa njia, ateremke. Watu walicheka. Tangu siku ile tukikutana kwenye lifti kila mmoja anasoma vitufe.

Nikagonga kwa mguu, mikono yote ina kiti na mtoto. Akafungua, kikombe cha chai mkononi.

"Ehe. Leo muziki hakuna?"

"Mzee, mtoto anakufa. Nakuomba."

Aliweka kikombe chini pale pale kizingitini, akachukua funguo, akaingia kwenye lifti na ndala za ndani. Tulipofika chini ndipo aliponiambia, "Funga mkanda wa kiti mara mbili. Mimi leo siendeshi kama basi."

Nilikaa nyuma na Shemsa. Simu niliiweka kwenye spika, kwa sababu Bibi alikataa kukata.

"Huyo anayeendesha ni nani?"

"Jirani, mama," akadakia mzee mwenyewe. "Tarlochan. Wa Nakuru."

"Endesha, baba, Mungu akuweke."

"Naendesha, mama, lakini hiyo taa ni nyekundu na mbele kuna lori."

"Ishaka, rangi ya midomo?"

"Ya kawaida. Nadhani. Imepauka."

"Usidhani. Angalia."

"Imepauka."

"Miguu?"

"Baridi. Bibi, mbona miguu baridi na ana homa?"

"Mwili unaikusanya damu kwa viungo vya uhai kwanza. Mfunike miguu tu. Mwili usimfunike. Nje kukoje?"

Nilitazama kile kioo kidogo mbele ya dereva, pale gari linapoandika joto la nje. "Digrii tatu."

"Tatu!" Kisha akakumbuka. Nilimsikia akihesabu tena. "Tatu yenu kwangu ni thelathini na saba. Umesikia? Thelathini na saba kwako ni mtu mzima wa afya. Thelathini na saba kwangu ni hiyo baridi iliyo nje ya dirisha lako. Namba ni ile ile." Sauti ilimvunjika kidogo, akaikunja. "Ni ngazi mbili, Ishaka. Zote zimesimama barafuni, zote zinafika maji yanapochemka. Moja ina vidato mia, nyingine mia na themanini. Mtu akikwambia amepanda vidato viwili hujaambiwa kitu. Nilifundishwa hilo nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilifundishwa!"

"Mama, usilie," akasema Mzee Tarlochan, macho barabarani. "Mimi basi langu nililipeleka njia isiyo yake siku nzima, na nilikuwa na ramani."

"Ulikuwa na abiria?"

"Walikuwa wamejaa."

"Walifika?"

"Walifika, mama. Walinitukana, lakini walifika."

Shemsa aliacha kuguna. Niliinama mpaka sikio likagusa pua yake. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Mzee alinitazama kwenye kioo na mguu wake ukazama. Kisha pumzi ikaja, hh, ndogo, kavu, nami nikajikuta nimeshika kidole chake kwa nguvu iliyokuwa ya kumuumiza mtu mzima. Hakulia hata kwa hilo.

Hospitalini nesi wa mlangoni alimtazama mara moja tu. Hakuuliza jina. Alimbeba na kiti chake, akapita mlango unaofungukia ndani, nami nikawa namkimbilia. Watu sita walikusanyika kwenye kitanda kimoja. Walimvua. Walimchoma mkono, mshipa ukakataa, wakamchoma mguu. Hapo ndipo alipolia, kilio chembamba, na nesi mmoja akasema vizuri, lia mama, lia. Nikamshukuru Mungu kwa kilio kile.

Daktari aliitwa Kiran, si mkubwa sana kwangu kwa umri. Alinivuta pembeni na karatasi yake.

"Mara ya kwanza mlimpima lini?"

Swali lile lilikuwa na majibu mawili, na yote nilikuwa nayo ulimini. Ningeweza kusema saa tano. Nani angejua? Dada yangu hakuwepo, na mtoto hasemi. Lakini nilimwona anaandika, na nikaona kuwa atakachoandika ndicho watakachompimia dawa.

"Saa tatu na nusu. Thelathini na tisa nukta moja."

Kalamu ilisimama. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi.

"Na chakula?"

"Hajala tangu asubuhi. Mikupuo miwili tu."

Nilisubiri anigombeze. Nilikuwa na moto wangu tayari, mimi hunisaidia mtu akinipandishia sauti. Hakupandisha. Aliandika, akaipiga nukta mwishoni, akasema kwa upole ulioniumiza zaidi, "Mtoto wa umri huu, hata thelathini na nane tu anakuja hapa. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi ya mkojo, na huenda yamefika kwenye damu. Dawa tumeanza. Saa arubaini na nane zijazo ndizo zitakazotuambia."

Thelathini na nane tu. Yaani hata ingekuwa kweli mia na nusu ya Bibi, hata ngazi zetu zingelingana kidato kwa kidato, bado tungekuwa tumechelewa. Nilitoka nikaenda ukumbini, nikaegemea ukuta. Mzee Tarlochan alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na ndala zake, akanitengea nafasi.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Asmahan: Nimepita! Makosa manne madogo tu. Mbusu Shemsa.

Juu yake ulikuwa ujumbe wangu, niliouandika garini, ambao alikuwa bado hajausoma. Nikautazama mpaka alama ikabadilika, kusema kuwa ameusoma. Hakujibu. Ningependa angepiga kelele.

Bibi alipiga baada ya robo saa. Nilimweleza kila alichosema daktari, bila kujumlisha wala kutoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asmahan yuko wapi?"

"Yuko njiani. Mwalimu wake anamleta."

"Sikiliza basi. Akifika, mwambie ni mimi. Mwambie Bibi ndiye aliyesema usipige daktari. Ni kweli, nilisema."

"Bibi..."

"Mimi ni mzee. Akinichukia atanichukia miaka mitano, mitatu, Mungu ndiye ajuaye. Wewe una maisha yote mbele yako na dada yako. Na yule mtoto, akipona, atakuhitaji mjomba wake. Usiwe mjinga wa kujivuna. Nipe mimi."

Nilikaa na maneno hayo. Nisiseme uongo: yalikuwa matamu. Yalikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huwa rahisi kubeba. Ningesema, Bibi aliniambia nisipige, na Asmahan angeniamini, maana ndivyo ilivyokuwa. Ile hesabu niliyoikata kichwani ili nisikike mtaalamu, chupa iliyojaa niliyosema imeliwa, kiapo changu cha kijinga kwa mama wa mapokezi, hayo yote yangebaki kwangu, na hakuna mtu ambaye angeyatafuta.

Mlango wa lifti ulifunguka mwisho wa ukumbi. Asmahan akatoka mbio, karatasi ya mtihani bado mkononi, mtandio umemshuka mabegani, akigeuka huku na huku akitafuta uso anaoujua. Akaniona.

"Amefika?" Bibi akauliza. "Ishaka? Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mwambie ni mimi. Niahidi."

Nikasimama. Mzee Tarlochan akasimama pia, akasogea kando.

"Hilo siwezi kukuahidi, Bibi," nikasema, na sikuishusha sauti, kwa sababu dada yangu alikuwa ameshafika hatua kumi na nilitaka asikie. "Nakuahidi jingine. Nitamwambia yote, saa na namba kama zilivyosoma, na nitaanza na yangu."